Mama Fundi wa Turbo

Matembezi yangu ya mchana huishia kwenye gereji ya mama mmoja fundi wa magari ya turbo, naye hunipa kigoda nikakaa. Hakimbilii kufungua boneti yule. Hufuta vidole kimoja kimoja, huchomeka waya wa kompyuta chini ya usukani, kisha hukaa kando ya dereva na kompyuta yake mapajani, wakaenda barabarani. Kompyuta hurekodi kila inachofanya injini: hewa, mafuta, joto. Wakirudi huisoma mistari yake akiguna polepole, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa.

Juzi alitoka na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye kesho yake alikuwa na mashindano ya magari. Shemeji alirudi anacheka mpaka jino la mwisho.

"Shemeji, hii si gari tena, ni risasi! Usiguse kitu, naondoka nayo."

Mama fundi kidole kimeganda kwenye kioo cha kompyuta. "Huendi. Hapa turbo inasukuma hewa nyingi kwenye injini, mafuta hayatoshi. Ukiikanyaga hivi kesho, pistoni zitayeyuka kwa joto."

"Si wewe uliyeipanga injini hii?"

"Ni mimi. Nimeipanga vibaya."

Alisema hivyo mbele yetu sote, kwa sauti ileile anayoombea spana. Akapunguza nguvu ya turbo, akaongeza mafuta, wakatoka tena. Safari hii shemeji alirudi amenuna.

"Imekuwa nzito. Nitashindwa mimi."

"Labda," akasema, akichomoa waya wake. "Lakini utarudi kwa dada yangu ukiendesha, si ukivutwa kwa kamba."