Mlango wa Mashoto

Mjomba mtu alikuwa fundi seremala, na kazini jambo moja tu lilimnyima raha: mpwa wake alitengeneza milango kinyumenyume.

Kijana alitumia mkono wa kushoto tangu angali ananyonya. Watu wakamwita Mashoto, akaitika. Mjomba alifunga bawaba kushoto na komeo kulia. Mpwa, akiufuata mkono wake, aligeuza. Nusu ya kijiji ikawa na milango ya Mashoto, na mgeni ulimtambua kwa jinsi alivyosukuma upande wa bawaba kama anayesukuma gari bovu.

"Wewe mtoto utanifukuzia wateja!"

"Wezi nao wanahangaika, mjomba. Mteja gani hataki hilo?"

Vita vilipoanza akachukuliwa jeshini. Alirudi likizo mara moja, amekonda, buti kubwa kuliko yeye, mdomo ule ule.

"Sajenti anasema risasi haitoki kwa mkono wa kushoto," alisimulia, mama yake akishika mbavu kwa kicheko. "Nimemwachia risasi zake. Milango ya kambi nimeshageuza miwili."

Mama alikuwa na nyumba mpya isiyo na mlango. Mashoto akasimamisha fremu, akachonga nafasi za bawaba, kulia bila shaka, ila likizo ikaisha mbao hazijakauka. Akatundika pazia.

"Vumilia, mama. Mlango huu asiuguse fundi mwingine. Hasa huyo kaka yako."

Hakurudi. Mwenzake kikosini alikuja kueleza: walikuwa wanavuka mto, mashua ikapigwa, na Mashoto hakuonekana tena, mzima wala maiti.

Mama akabaki na pazia. Upepo uliingia, mbuzi wa jirani waliingia. Kaka yake alipogusia mlango, alimjibu, "Nikitia mlango nimesema mwanangu harudi." Fundi akarudi kwenye kazi zake. Lakini mvua zikakaribia, na dada akaanza kukohoa.

Basi asubuhi moja fundi alizishusha mbao zile zile alizoanika Mashoto kwenye dari ya karakana, akaunga mlango, akaubeba mpaka kwa dada yake. Akamkuta amesimama katikati ya fremu.

"Nilishasema, asiuguse fundi mwingine."

"Mimi leo si fundi, ni kibarua wake. Tazama." Akahamishia bisibisi mkono wa kushoto.

Alihangaika mpaka jua likapinduka. Skrubu ziliingia mshazari, kidole kikavimba, matusi yakamtoka. Dada aliketi kwenye kigoda, mwanzo amenuna, baadaye akitoa maelekezo.

Mlango ukasimama, bawaba kulia, komeo kushoto. Dada aliufungua, akaufunga. Ukakwaruza sakafu.

"Kaka, Mashoto angekufukuza kazi."

"Angenifukuza tangu asubuhi."

Dada akacheka. Aliweka kiganja juu ya komeo, cha kushoto, akakiacha hapo kitambo. Halafu akalitungua pazia, akalikunja.

"Nitalifua nilitunze. Akirudi ataliulizia."

Akaingia ndani, akaurudishia mlango bila komeo.

Fundi alifika barabarani ndipo akakumbuka nyundo yake imebaki ndani. Akarudi, akausukuma mlango. Haukutikisika. Akausukuma kwa bega.

"Upande wa pili, fundi!" dada yake alipaza sauti kutoka ndani, na akasikika anacheka peke yake.