Niliiambia Kompyuta Umeme Wetu Haukatiki

Ndugu wasomaji, nimemuua shemeji yangu, na watu wananipa pole.

Sikumpiga. Sikumwekea sumu. Nilikaa kwenye kiti cha kuzunguka, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nikabonyeza herufi moja tu. Ningejua! Jamani, ningejua!

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huku milimani Iringa. Sikitaji jina. Kwetu hasa ni Mbeya, kule juu Rungwe, na huku nilikuja baada ya kusomeshwa kompyuta ng'ambo. Najua wengi wenu hamjawahi kuiona. Yetu ni kabati la chuma lenye vitaa vingi, ililetwa na wafadhili ili iongoze boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, na tanuri za kukaushia mbao. Inapima joto, inafungua na kufunga valvu, inaamuru pampu ya maji. Kiwandani pale ni mimi peke yangu niliyejua kuongea nayo, na nilihakikisha kila mtu analifahamu hilo, mpaka wauza chai wa getini.

Shemeji yangu Ambakisye alikuwa mtu wa boila. Alimwoa mdogo wangu, Tusa. Ni mimi niliyewaita kutoka nyumbani. Niliwaandikia, njooni huku, kuna mshahara na nyumba ya bati. Akaacha migomba yake na kahawa yake akaja. Hakuwa na elimu kubwa, ila alikuwa mtu wa kuaminika, na alinisikiliza kama mtoto anavyomsikiliza mwalimu wake. Hilo ndilo lililomuua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa liko hapa.

Kompyuta ikifika haijui lolote. Inabidi kwanza uiundie programu yake kuu, ile inayozitawala nyingine zote. Na wakati wa kuiunda, mashine inakuuliza maswali kwa kuyachapa kwenye karatasi. Kuna kifaa hiki? Kuna kile? Wewe unajibu ndiyo au hapana. Ukijibu ndiyo, inaingiza kipande cha programu cha kukiendesha kifaa hicho, na sisi mafundi kipande hicho tunakiita dereva. Ukijibu hapana, basi kwake kitu hicho hakipo duniani. Na kwa kuwa kumbukumbu yake ni ndogo na kila dereva anakula nafasi, huwezi kujibu ndiyo kila mahali. Lazima uchague.

Alikuja mtaalamu wa kigeni kutusaidia kazi hiyo, Bwana Henrik, mtu mpole mwenye masikio mekundu. Siku hiyo Ndugu Meneja alikuwa amealika wakubwa wa mkoa waje kuona. Walijipanga nyuma ya kiti changu, wamefunga mikono. Nilijisikia! Kila swali lilipochapwa nilijibu haraka haraka, bila hata kumwangalia Bwana Henrik, ili waone.

Likaja swali la umeme. Mashine iliuliza kama iwekewe kipande cha kuiamsha umeme ukikatika na kurudi. Kipande hicho kikiwemo, umeme ukirudi mashine inaamka yenyewe, inawaamsha madereva wote, inaikagua boila na kupiga kengele kama kuna hatari. Kisipokuwemo, inabaki imesimama tu mpaka mtu aje aiwashe upya kwa mkono.

Bwana Henrik akanigeukia. "Umeme wenu hukatika?"

Umeme wetu! Ulikuwa unakatika mpaka tumezoea, wiki isiyokatika tunaulizana kulikoni. Lakini Ndugu Meneja alikuwa palepale, na muda mfupi tu uliopita alikuwa amewaonyesha wageni wake jenereta mpya na kulisifia. Halafu mnajua tulivyolelewa. Mgeni akikuuliza kama nyumbani kuna njaa, unamwambia tumeshiba, kisha unazunguka mlango wa nyuma kuomba unga kwa jirani. Shida ya nyumbani haiwekwi mbele ya mgeni, sembuse mgeni aliyetoka mbali. Mama yangu angenifinya.

Meneja akanitazama. Nikatabasamu.

"Hapana," nikasema. "Zamani ulisumbua. Siku hizi haukatiki."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Bwana Henrik alikunja uso kidogo, ila angefanyaje? Mwenyeji ni mimi. Nikabonyeza herufi ya hapana. Nafasi iliyookolewa tukampa dereva wa mashine kubwa ya kuchapia, kwa sababu Ndugu Meneja alipenda ripoti ndefu za karatasi zenye matundu pembeni. Mashine ikanguruma, ikatoa ripoti ya kwanza, wageni wakapiga makofi. Nami nikainama kidogo kama msanii!

Bwana Henrik aliondoka. Hapo ndipo ningeweza kurekebisha. Ningeiunda programu upya, nikajibu ndiyo, yakaisha. Lakini kuiunda upya ni kusimamisha tanuri kutwa nzima, na kusimamisha tanuri ni kumwendea Meneja, na Meneja angeuliza kwa nini. Ningemwambia nini? Kwamba nilidanganya ili asiaibike? Nikasema nitafanya mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika nasema ujao tena.

Kila umeme ulipokatika, nilikimbia. Nilitoka ofisini, nilitoka kula, siku moja nilitoka bafuni na sabuni kichwani, nikaenda kuiwasha mashine kwa mkono. Watu walicheka wakasema huyu bwana anaipenda kompyuta yake kuliko mke. Nikacheka nao.

Ambakisye peke yake hakucheka. Siku moja alinikuta pale kwenye boila akaniuliza, "Shemeji, hii pampu ikigoma, mimi nafungua ile maji kwa mkono kama zamani?"

"Usiguse! Hiyo ni kompyuta, Ambakisye, siyo jiko la mafiga. Itafanya yenyewe. Ukiingiza mkono wako utaiharibia hesabu zake."

"Na umeme ukizima?"

"Si nipo?"

"Na kama hupo?"

"Mimi nitaenda wapi bwana?"

Akaitikia, "Ndaga, shemeji," akarudi kwenye moto wake. Alinishukuru! Nimemdanganya machoni, naye akanishukuru kwa Kinyakyusa, kwa heshima zote.

Nilienda mjini. Huko ndiko nilikoenda. Meneja alitaka kuzionyesha ripoti zake ofisini mkoani, akanichukua nikazieleze. Tulikaa tukinywa chai na mandazi, nimekunjua makaratasi mezani, naonyesha kwa kidole jinsi boila yetu ilivyotulia. Wakati ule ule umeme ulikatika kiwandani.

Jenereta likashika baada ya muda mfupi. Feni za boila ziliunganishwa moja kwa moja na umeme, kwa hiyo zikarudi kuzunguka na moto ukachachamaa. Lakini pampu ya maji ilikuwa inangoja amri ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa imesimama, imekodoa vitaa vyake tu. Kengele ya hatari nayo iliamriwa na kompyuta hiyo hiyo. Ikanyamaza. Maji ndani ya boila yakaendelea kukauka, na moto unazidi.

Wenzake wa tanuri walinisimulia ya nje; ya ndani ya chumba cha boila hakuna aliyeyaona, ila namjua, najua yalivyokuwa. Ambakisye alikaa pale akikitazama kioo kinachoonyesha maji, anaona yanashuka, anangoja mashine ifanye yenyewe kama nilivyomwambia. Alingoja sana. Kisha akatoka nje mbio akipiga kelele, "Shemeji yuko wapi? Mwiteni shemeji!" Wakamwambia shemeji yako ameenda mjini na Meneja.

Angeweza kukimbia, mlango ulikuwa wazi na uwanja uko mbele yake. Lakini upande wa pili wa ukuta kulikuwa na watu wakipakua mbao. Akawapigia kelele watoke, akarudi ndani, akafungua maji kwa mkono. Boila ilikuwa imeshakauka na chuma kimekuwa chekundu. Maji baridi yalipogusa pale ikapasuka, na mvuke wote ukamkuta yeye.

Nilimkuta hospitali. Sitaeleza alivyokuwa. Uso walikuwa wameufunika, nikamtambua kwa miguu tu. Nikamwita. Akaitambua sauti yangu.

"Shemeji," akasema. "Nimegusa. Unisamehe."

Mungu wangu! Ndiye aliyeniomba msamaha! Nilikuwa na nafasi pale, nikiwa nimeinama sikioni kwake, ya kumwambia kwamba kosa ni langu, kwamba amefanya sawa, kwamba yeye ni mwanaume kuliko mimi. Muuguzi alikuwa amesimama karibu, na nyuma yangu alikuwepo Meneja. Nikamwambia, "Pumzika." Hakuamka tena.

Tulimpeleka nyumbani kwa lori la kiwanda. Tusa alikaa mbele na dereva kwa sababu alikuwa mjamzito, mimi nilikaa nyuma na jeneza. Tulipofika Chimala lori likasimama ipoozwe injini, wauza mchele wakatuzunguka, walipoona jeneza wakarudi nyuma wakavua kofia. Mama mmoja akanishika mkono akaniambia pole baba. Nikamwitikia kama mfiwa wa kweli.

Kisha ikaundwa kamati ya uchunguzi. Mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu fundi, kompyuta ilikuwa na hitilafu?"

"Haikuwa na hitilafu."

Na huo ulikuwa ukweli, hapo ndipo shetani wangu alipojificha! Mashine ilifanya hasa ilivyoambiwa. Kamati haikuniuliza iliambiwa nini na nani. Bwana Henrik alikuwa ameshasafiri, na Meneja alikuwa anaangalia kucha zake. Wale wenzake wa tanuri wakaeleza kwamba Ambakisye alitoka akipiga kelele. Kamati ikasema, basi alikurupuka usingizini. Ikaandikwa kwamba mtu wa boila alilala kazini, maji yakakauka, na alipozinduka akafungua maji kwa hofu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Sikufungua mdomo.

Kwa hiyo Ambakisye akazikwa mara ya pili. Nyumba ya bati Tusa akaambiwa aihame, na kiwanda kikasema aliyelala kazini familia yake haina dai. Watu niliowaona wakilia msibani nikawasikia kwenye foleni ya duka wakisema, kumbe jamaa alikuwa anasinzia, angetuua wote. Watu aliowaokoa! Nikanunua sukari yangu nikaondoka.

Tusa hakuamini. Siku anafunga mizigo alinikalisha kwenye sanduku, akasimama mbele yangu na tumbo lake.

"Kaka, mimi sijasoma. Wewe hiyo mashine unaijua. Mume wangu nimelala naye miaka yote, usingizi wake naujua, panya akipita anaamka. Niambie wewe. Nikisikia kwako nitanyamaza. Kweli alilala?"

Hapakuwa na Meneja mle ndani wala mgeni. Tulikuwa sisi wawili tu, watoto wa mama mmoja. Nikaangalia sakafu. Nikafikiri kazi yangu. Nikafikiri polisi. Nikafikiri jinsi atakavyonitazama.

"Ndivyo ilivyoonekana, mdogo wangu," nikasema. "Alichoka. Mtu yeyote anaweza kuchoka."

Hakulia. Alikaa chini akavua kanga moja aliyokuwa ameivaa ya msiba, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku jingine. Toka siku hiyo hakulitaja tena jina la Ambakisye.

Nimejifunza nini? Hakuna. Kuna kitu gani cha kujifunza hapa ambacho mtoto hakijui? Ila nakuomba wewe fundi, wewe karani, wewe yeyote unayekaa mbele ya swali. Ukiulizwa kama nyumbani kwako kuna shida, iseme. Aibu! Acha ikupate. Nimeikimbia aibu ya asubuhi moja, na leo sijui hata mahali pa kuitafuta ili niiombe inirudie. Na kama umeshadanganya, usingoje mwezi ujao. Na usidhani kuandika gazetini kutakusaidia. Nimeandika haya yote, na kwa kuwa sina ujasiri wa kujitaja, Ambakisye bado ndiye aliyelala.

Mwezi uliopita Tusa alijifungua mtoto wa kiume. Nyumbani kwetu mtoto aliyezaliwa baba yake ameshazikwa hupewa jina la baba yake, haijadiliwi. Nilienda Rungwe na kanga na sabuni, nikawakuta wazee wamekaa, na mama yetu amempakata. Nikauliza kama Ambakisye mdogo ananyonya vizuri.

Mama akatazama pembeni. Tusa akamchukua mtoto akaniwekea mikononi.

"Hapana, kaka," akasema. "Nimekataa arithi jina la mtu aliyelala. Nimempa la kwako."