Saini ya Bwana Kanuni

Madereva wenzake ndio waliompa kaka yangu jina la Bwana Kanuni, na hawakumpa kwa heshima. Kila alfajiri alilizunguka basi lake mara mbili kabla ya kuliwasha, akigonga tairi kwa kisigino na kuinama kutazama kama kuna mafuta yaliyodondoka, wakati wao wameshatia moto na kuondoka. Wakimpita walimpigia honi. "Kanuni, gari limeshazaa au bado uchungu?" Yeye anacheka, anafuta mikono kwa kitambaa, anaendelea na kazi yake. Leo wale wale wakikutana nami njiani wananipa pole huku wakitazama viatu vyangu. Sizitaki pole zao.

Mimi ni mdogo wake. Tumeishi nyumba moja tangu wifi yangu alipofariki. Nashona sare za shule barazani na kuwalea binti zake wawili, ambao wananiita shangazi, ingawa yule mdogo akisahau huniita mama. Kaka aliendesha basi dogo la kubeba wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro, na mwenye basi alikuwa mtu mmoja aliyezoea kuitwa tajiri hata na watu wasiomfahamu. Kazi hiyo kaka aliipata baada ya kukaa nyumbani miezi minane. Alikuwa amefukuzwa kwenye lori kwa kukataa kuliondoa likiwa na springi iliyopasuka. Mwanamume akikaa nyumbani miezi minane anajua sauti ya kila bawaba. Mimi miezi hiyo nilishona mpaka vidole vikafa ganzi, na sikumlaumu kwa mdomo, lakini moyoni nilimlaumu, tena sana. Nilijiambia kwamba haki yake ya springi tunaila sote.

Basi, likatoka tangazo kwamba magari yote ya abiria yakaguliwe kabla ya mwezi kwisha. Tajiri alimwambia kaka maneno machache: "Dereva, tafuta hicho kituo, wahi foleni, nataka stika kwenye kioo." Tafuta, alisema, kana kwamba kituo cha serikali ni sindano iliyodondoka. Na kweli ikawa kutafuta. Kaka alikwenda mahali kilipokuwa miaka yote, akakuta panauzwa vigae. Mlinzi wa vigae akamwelekeza nyuma ya maghala. Nyuma ya maghala akakuta chumba chenye dirisha moja na karani mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kukupangia siku tu. Kituo chenyewe kiko upande wa pili wa reli, na njia ya kupitisha basi siyo ile ya miguu. Siku tatu zikaishia hapo. Siku ya tatu alirudi na nambari ya foleni, pamoja na kurasa tisa za kanuni za ukaguzi zilizochapwa kwa herufi za kuua macho.

Macho ya kaka kwa karibu hayakuwa mazuri, kwa hiyo nilimsomea mimi, usiku mbili mfululizo, huku nikipinda pindo za sketi. Taa, honi, waipa, mikanda, kina cha mifereji ya tairi, moshi, pembetatu za kuonya, mtungi wa kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza. Ukurasa wa breki alinirudisha mara nne. Ulisema gari hupandishwa juu ya mitambo inayozungusha magurudumu, na kwamba nguvu ya breki ya kulia na ya kushoto isitofautiane kupita kiasi kilichowekwa. Akaniambia nitulie kidogo, akafumba macho, akairudia kanuni hiyo neno kwa neno kama mtoto wa madrasa.

"Basi letu litafeli hapo," akasema. "Breki ya mbele kulia inavuja. Nikikanyaga, kushoto kunashika, kulia kunateleza. Linanivuta kushoto kila siku."

"Umemwambia tajiri?"

"Mara tatu. Anasema nikanyage polepole."

Siku ya ukaguzi hakusubiri hata mtambo useme. Alimwambia mkaguzi mwenyewe: hili linavuta kushoto. Mkaguzi akashangaa, maana hakuna anayejichongea pale, kisha akalipandisha, mtambo ukasema vile vile, akaandika kwa kalamu nyekundu. Nakumbuka kaka alivyorudi nyumbani na ile karatasi ya kufeli. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu. "Sasa atatengeneza," akaniambia. "Sasa si mimi ninayesema, ni serikali." Nikampakulia chakula, akala akipiga mluzi. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, na bado aliamini kwamba karatasi inaweza kumtia aibu tajiri.

Tajiri alimwita asubuhi yake. "Nani alikutuma useme? Nilikupeleka ukaguliwe au ukatubu?" Halafu akamkabidhi kwa mtu aliyeitwa Mvalishaji.

Afadhali nilieleze hili vizuri, maana ndipo mambo yote yalipoharibikia. Nje ya geti la kituo kile kuna mafundi ambao kazi yao ni kuvalisha magari. Gari lako lina tairi vipara? Wanakukodisha nne zenye meno. Huna mtungi? Unakodi. Huna pembetatu, huna sanduku la dawa? Vipo. Gari linaingia limependeza kama bibi harusi, likitoka linavuliwa kimoja kimoja kwenye kivuli cha ukuta, na wa nyuma yake kwenye foleni anavaa. Kaka aliniambia aliuona mtungi mmoja ukiingia mle ndani mara sita kwa siku moja, kwenye magari sita. Kila mtu anajua. Wakaguzi wanajua, askari wa barabarani wanajua, hata mwanamke anayeuza maji ya baridi pale getini anajua nani kavaa nini.

Mvalishaji alilivalisha basi la tajiri silinda mpya ya breki ya kulia na viatu vyake vipya vya breki. Alifanya kazi safi, siwezi kumsingizia. Kaka mwenyewe alisema alipolijaribu barabarani lilisimama sawasawa, wima, na akatamani liwe hivyo siku zote. Mtambo ukalikubali. Kwa muda wa saa tatu lile basi lilikuwa zima kabisa, na cheti kilichoandikwa ndani ya saa hizo hakikuwa na uongo hata mmoja. Kilikosea tu kusema mwaka mzima.

Pale dirishani karani akamsukumia fomu. Chini yake palikuwa na mstari kwa aliyelileta gari: athibitishe kwamba gari ndilo hili, liko katika hali hii, na litatunzwa katika hali hii. Kaka akatoka kwenye foleni akanipigia simu.

"Mdogo wangu, wanataka nisaini."

"Limepita?"

"Limepita. Lakini Mvalishaji yuko getini na spana mkononi, ananisubiri azing'oe."

"Kaka, saini urudi nyumbani."

"Si ulinisomea mwenyewe? Dereva haruhusiwi kuendesha gari analojua lina kasoro."

Nilikuwa na sketi ishirini na mbili za kumalizia na mtoto mdogo ana homa. Nikamwambia hivi, na sitabadilisha hata neno moja nijipendezeshe: "Kanuni hazijawahi kutulisha. Ukirudi bila hiyo stika, usiniambie mimi, waambie wanao. Nimechoka. Saini."

Akasema, "Haya." Kaka yangu hakuwahi kunikatalia jambo. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku hiyo nilikuwa shati lake.

Stika ikabandikwa. Silinda ile ya zamani inayovuja ikarudishwa mahali pake, na kaka akaendelea kukanyaga polepole kama alivyoagizwa. Wiki tano. Asubuhi moja ya wiki ya sita mkokoteni ulichomoka kwenye uchochoro, na huwezi kuukanyagia mkokoteni breki polepole. Basi likashika kushoto, likapanda ukingo wa njia, likaenda moja kwa moja mpaka pale alipokaa fundi viatu wa kona. Mzee yule alikuwa pale miaka yote. Ndiye aliyetushonea soli za watoto. Alifia pale pale, katikati ya viatu vya watu.

Basi lilivutwa siku hiyo hiyo kupelekwa gereji ya tajiri, eti lisizibe njia. Mpimaji wa polisi alilifikia siku ya tatu. Alikuta breki mpya mbele, kulia na kushoto, na stika halali kwenye kioo. Akaandika alichokiona. Mimi wakati huo nilikuwa namtafuta Mvalishaji nje ya geti la kituo ili aje aseme ukweli. Nilimkuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole, "Dada, mimi nauza tairi tu," akageukia mteja mwingine.

Kaka akashtakiwa kwa kusababisha kifo, na kesi haikuchukua muda. Hakuna kesi inayokwenda haraka kama ya mtu asiye na wakili. Tajiri alikaa benchi la mbele amevaa suti, akatoa ushahidi kwamba yeye huwaamini madereva wake na magari yake yote hukaguliwa. Tena akafuta jasho, akasema msiba huu umemgusa. Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa utotoni; aliyetufundisha hakuwahi kumwona tajiri akitembea.

Kisha mwendesha mashtaka, kijana nadhifu mwenye sauti ya taratibu, akamsimamisha kaka.

"Mshtakiwa, unasema breki zilikuwa mbovu?"

"Ndiyo. Ya kulia."

"Hiki cheti kinasema nzima. Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo ama gari lilikuwa zima na wewe ulizembea, ama lilikuwa bovu na wewe ukajua, ukasaini, ukaliendesha. Chagua."

Ukumbi ulikuwa na joto na feni haikuzunguka. Niliomba moyoni aseme hakujua. Neno moja tu. Aseme yeye ni dereva, hajasoma, kanuni hazijui. Adhabu ingepungua, hata karani wa mahakama alininong'oneza hivyo nje. Lakini kaka yangu hawezi kusema uongo juu ya gari. Akanyoosha mgongo.

"Nilijua," akasema. "Mheshimiwa, kanuni nilizijua zote." Akaitamka ile ya dereva na kasoro, neno kwa neno, kama nilivyomsomea, mpaka pale nilipokuwa nikivuta pumzi naye akavuta.

Hakimu akaacha kuandika, akamtazama juu ya miwani. Nadhani alimhurumia, kwa sababu aliuliza yeye mwenyewe, si mwendesha mashtaka: "Mtu anayejua kiasi hiki, kwa nini asaini? Kuna aliyekulazimisha? Kuna aliyekushauri? Sema, mahakama itazingatia."

Nilikuwa benchi la tatu. Nilihisi magoti yakitaka kusimama. Ningesimama tu, niseme ni mimi, kwa simu, nikiwa nashona. Nikafikiri: nikisimama, wanaweza kuniweka na mimi ndani, na watoto wale watabaki na nani? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ilikuwa sababu nzuri, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ya kweli.

Kaka hakugeuka kunitafuta. Alitazama mbele tu, pale kwenye meza ya hakimu.

"Hakuna, Mheshimiwa," akasema. "Nilisaini kwa akili yangu mwenyewe."

Miaka mitatu, na leseni ikafutwa. Walipomteremsha kizimbani alipita karibu nami akaniambia yule mdogo asisahau dawa yake ya kifua. Basi lina dereva mpya sasa. Linapita mbele ya baraza langu saa kumi na mbili kasorobo, na linasimama vizuri, maana safari hii breki zake ni zake mwenyewe. Ilibidi mtu afe ndipo zinunuliwe.

Yule binti mkubwa amefika umri wa kuuliza. Jana jioni alikuja kukaa karibu na cherehani, akashika pindo la nguo niliyokuwa nashona, akaniuliza, "Shangazi, kama baba alizijua kanuni zote, kwa nini alisaini?"

Nikamwambia sijui.