Ulimi wa Mama Evelina Ulipopanda

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Kibondo, Fundi Mkuu wa meno alinikabidhi bakuli la plasta akasema, "Kijana, kinywa cha mtu si ghala. Bisha hodi." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baada ya miaka mingi ya kutengeneza meno ya bandia nilihamishiwa Kasulu, kulikokuwa kumeletwa kifaa cha kupima ulimi wa mtu anaposema. Ni kaakaa la plastiki, jembamba, nalo kila mgonjwa huchongewa lake. Limepachikwa taa ndogo na vihisio: taa inamulika ulimi, mwanga unarudi, kihisio kinapima. Ulimi ukipanda, mstari kwenye skrini unapanda nao. Nililipenda dude lile kuliko pikipiki yangu.

Mama Evelina, muuza maharage aliyekulia Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi, alikuwa amepigwa kiharusi. Mkono ulipona, maneno hayakurudi. Tukampa ya kusoma: dada, lala, tatu. Akahangaika hadi jasho likamtoka, mstari umelala tu. Daktari Bingwa, mtu wa Tanga, akakata tamaa. "Fundi, ulimi huu umekufa. Jaribu kesho, ikishindikana arudi kwake." Roho iliniuma sana.

Kesho yake nimeshamvisha kaakaa, mama mkwe wake akaingia na fimbo yake. "Mwaramutse!" Umeamkaje, hiyo, kwa Kirundi. Huku kwetu salamu ya mkubwa haiachwi hewani. Asiyeitika ametukana, hata akiwa mgonjwa. Mama Evelina akainamisha kichwa, na mstari ukaruka!

"Mwa... ramu... tse, mama."

Nilipiga kelele hadi Mganga Mfawidhi akaja mbio akidhani kuna moto. Daktari Bingwa aliikodolea macho skrini. "Bibi, tafadhali msalimie tena."

"Salamu haichezewi, mwanangu," bibi akajibu, machozi yakimtoka. "Lakini kwa huyu nitasalimu mpaka jua lizame."

Tukaweka kando maneno ya kusoma. Kila zoezi likaanza kwa salamu, kisha habari za watoto, za shamba, za soko. Mama Evelina mwenyewe akiutazama mstari na kuukimbiza, hadi siku aliyomgombeza mumewe kwa sentensi nzima. Mume alicheka kwa furaha, akaomba agombezwe tena.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaorithi vifaa vyetu, vipendeni, ila mbishe hodi kwanza. Juzi nilikatiza sokoni Kasulu kwa haraka, kichwa chini.

"Fundi! Unanipita bila salamu?"

Sauti ya Mama Evelina ilifika hadi stendi. Nikarudi, nikavua kofia, nikamsalimu.