Namba Iliyoanza na Sifuri

Sipendi namba zinazopangwa foleni kama watoto wa gwaride, mrefu mbele, mfupi nyuma. Lakini hiyo ndiyo kazi niliyotakiwa kuifanya Homa Bay, katika shirika dogo ambako mtu wa takwimu nilikuwa mimi peke yangu. Maafisa wetu walikuwa wakiwatembelea wakulima wa mahindi Lambwe na akina mama wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, huko Sindo. Meneja alitaka kujua kama ziara hizo zinasaidia.

Nikaunda modeli mbili. Ya kwanza ilipima mavuno ya mahindi kwa magunia. Ya pili ilipima omena iliyokauka vizuri kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili wa sokoni. Kila modeli ikanipa koefisienti yake, yaani namba inayosema ziara moja zaidi inaendana na ongezeko gani. Ya Sindo ilikuwa nzima, nono. Ya Lambwe ilianza na sifuri, kisha nukta.

Meneja alizitazama zote mbili, akafurahi. "Nyar Sindo, kwenu mmeshinda," akaniambia mbele ya wenzangu. Alijua mimi ni binti wa huko, na mama yangu bado anaanika omena. "Lambwe tutoe maafisa."

Damu ilinichemka. Wanasema mwamba ngoma huvutia kwake; ngoma hiyo mimi sikuivuta.

"Boss, hiyo ni gunia, hiyo ingine ni gorogoro. Huwezi linganisha."

"Namba ni namba, madam."

Nikarudi kwenye kompyuta, nikaibadilisha omena kutoka gorogoro kuwa magunia, basi. Namba ya Sindo ikasinyaa, ikawa na sifuri nyingi kuliko ya Lambwe. Nilimpelekea nikidhani ataona upuuzi wake. Akaitazama, akatikisa kichwa. "Kumbe! Basi tutoe wa Sindo."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumrushia kitu. Sasa alikuwa amemfikia mama yangu. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba kosa lilikuwa lile lile, limegeuzwa tu. Hata kipimo kikiwa kimoja, gunia la mahindi si gunia la omena. Kila namba inajibu swali lake, na hakuna iliyoulizwa habari za mwenzake. Akaniamuru nitengeneze jedwali moja, mshindi juu. Nikakataa. Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unakaribia kuisha. Nikamwambia najua, kalenda ninayo.

Chakula cha mchana kikaletwa mumo humo ofisini: ugali na omena. Meneja akanawa, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi. Nikaishika sahani yake.

"Chagua moja, boss, ugali ama omena. Ingine nirudishe jikoni."

"Aki wewe!"

"Si namba ni namba?"

Wenzangu wakainamia sahani zao, wakijikaza wasicheke. Akaivuta sahani yake, akala vyote viwili.

Mkataba wangu haukuongezwa. Ripoti ilitoka na majedwali mawili, kila moja na ukurasa wake, kama nilivyoyaacha. Nikarudi Sindo kumsaidia mama kuanika. Afisa aliyetutembelea asubuhi moja alikuwa ametoka kuwatembelea wakulima wa Lambwe, na magurudumu ya pikipiki yake yalijaa matope meusi ya huko. Mama akataka kuyaosha. Nikamwambia ayaache.