Aliyemlilia Mkunga

Mwaka wangu wa pili Guangzhou nikisomea ufugaji wa samaki, mwalimu wangu alinipa mada ya kuwasilisha darasani: mabwawa ya samaki ya Waroma wa kale. Nilisoma huku nikicheka peke yangu maktabani. Matajiri wale walijenga mabwawa kando ya bahari, wakafuga samaki wasiowala, mkunga mmoja, samaki yule mrefu kama nyoka, hata akavalishwa hereni. Bwana mmoja alifiwa na mkunga wake akamlilia kama mwana. Nilimsimulia mwalimu nikitaraji acheke nami. Hakucheka.

Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kibwawa, na humo samaki mmoja mwekundu, mrefu kama mkono wangu, aliyeachwa na marehemu mkewe. Mzee hakuwa na mwingine wa kukaa naye. Sikukuu ya mwaka mpya wao ilipofika, alikwenda kijijini kwao akaniachia ufunguo.

"Mtazame tu," aliniambia.

Nimtazame tu! Mimi nimekulia Morogoro kwenye mabwawa ya perege. Kwetu samaki akipanda juu akapanua mdomo ana njaa, na ukimwacha hivyo huna haki ya kujiita mfugaji. Wiki ile baridi ilikuwa ya kutetemesha meno. Ukungu ulilala juu ya maji, mji ulinyamaza, hata Zhanxi, kwenye soko la jumla, maduka yamefungwa. Nilimkuta ametulia chini kabisa, kama anaota. Nikigusa maji kwa vidole alipanda polepole, akavinyonya vidole vyangu, nami nikamtupia chakula. Nilikaa pale asubuhi nzima, nimejikunyata kwenye koti, sijui tena niko nchi gani. Nilimpenda, basi.

Dada mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo, aliyekwamishwa na sikukuu, alikuja kunitembelea.

"Mdogo wangu, huyu angekuwa Dar keshaungwa nazi zamani."

"Meiyou, dada," nikamkatalia kwa lugha ya sokoni. "Huyu haliwi."

Siku ya sita maji yalianza kunuka. Siku ya saba nilimkuta anaelea kwa ubavu, amekufa. Ndipo nikafungua kitabu changu cha darasani: maji yakipoa sana, tumbo la samaki wa aina ile hukaribia kuacha kazi, na chakula humdhuru. Sura ile nilishaifanyia mtihani nikafaulu.

Mwalimu aliporudi nilimweleza yote, hata kitabu. Nilitamani anigombeze. Alichutama kando ya maji.

"Alikuwa anakuja kwenye vidole vyako?"

"Kila siku, mwalimu."

"Mke wangu ndiye aliyemzoeza," alisema.

Wiki mbili baadaye nikasimama darasani na Waroma wangu. Nilipofika kwa yule bwana na mkunga wake, wenzangu waliangua kicheko. Mwalimu, aliyekaa nyuma, aligeukia dirisha.

"Msicheke," nikasema.