Ng'ombe wa Chuchu Tatu

Kwetu Kwai ng'ombe ni mmoja, na mkamuaji ni mimi. Asubuhi moja chuchu yake ya nyuma kushoto ilitoa mabonge badala ya maziwa, na upande ule wa kiwele ulikuwa wa moto kama kikombe cha uji. Bwana mifugo akaleta dawa ya kuchoma kwa sindano. Alisema tumalize dozi yote, na maziwa tusinywe wala tusiuze mpaka aseme yeye.

Uvimbe ulipungua upesi. Mama alikuwa akimwaga maziwa shimoni kila siku, roho inamuuma. Akasema, "Mnyama amepona. Hiyo dawa iliyobaki iwekwe, itatufaa." Akaiweka juu ya kabati, kando ya Biblia. Mimi nilifurahi. Nilikuwa na ndoto zangu za kutengeneza jibini kama wale wa shamba la Irente, na jibini halitoki shimoni.

Mahindi yalipoanza kubeba, ugonjwa ulirudi. Tukamchoma dawa ile ile, haikufanya kitu. Baba akasema neno moja tu: buchani.

Bwana mifugo alirudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dawa yako imeharibika."

"Haijaharibika. Mara ya kwanza iliua vijidudu vinyonge. Vile sugu vilibaki vichache, dozi ikakatika, vikazaana. Sasa humo ndani ni ukoo mzima wa wasiosikia dawa."

"Na mwili wake si una askari?"

"Unao. Ila vijidudu vingine vimejichimbia ndani ya kiwele, vimejifunika ute. Askari wanapita nje tu."

"Kama panya wangu wa darini."

"Ndio hao hao, mama. Tena umewafuga mwenyewe."

Mama akacheka.

Bwana mifugo alichukua maziwa kidogo yakapimwe kama kuna dawa inayoviweza. Majibu yalikuja: dawa ya kutegemea haipo, chuchu ile ikaushwe, nyingine ni nzima.

"Ng'ombe wa chuchu tatu atamlisha nani?" baba akauliza.

Mama hakugeuka kutoka jikoni. "Na wewe meno yako yamebaki mangapi, na hindi la kuchoma unakula?"

Ng'ombe akabaki. Namkamua chuchu tatu, maziwa yanatosha chai na kidogo cha kuuza. Jibini litasubiri. Nikimaliza naigusa ile ya nne, imenywea, haina joto tena. Yeye anaendelea kutafuna majani yake. Kisha nakwenda kunawa mikono.